Sauti ya Mtu Baki

Kengele yenyewe ni ya shaba, ndogo, ya kubonyeza kwa kiganja, kama zile zilizokuwa zikiwekwa mapokezi ya hoteli zamani. Inakaa juu ya meza ya pembeni katika chumba cha semina, ghorofa ya pili, karibu na swichi za taa. Kila Jumatano saa nne asubuhi mtu mmoja huja pale kueleza utafiti wake: kumbukumbu za watoto, usingizi, hofu, namna jicho linavyosoma. Dakika ya thelathini na tano kengele hulia mara moja. Dakika ya arobaini hulia mara mbili, na mzungumzaji hunyamaza hata kama sentensi iko nusu. Hiyo ndiyo sheria ya idara, na kwa miaka kumi na saba aliyeisimamia ni mwanamke mmoja ambaye si mhadhiri wala mwanafunzi.

Wanamwita Mama Kengele. Amewahi kumkata maneno mgeni aliyepanda ndege mbili kuja kutoa mada, na amewahi kumkata makamu mkuu wa chuo akiwa bado kwenye salamu. "Huyu mama," mkuu wa idara hupenda kuwaambia wageni, "hata mtoa roho akija kuzungumza hapa, dakika ya arobaini atamwambia aketi."

Kengele ni kazi ya Jumatano tu. Siku nyingine yeye ni fundi wa maabara ya chini, kile chumba kisicho na dirisha ambako watu hupimwa mawimbi ya ubongo. Mtu akija kupimwa, yeye ndiye humwosha nywele, humpima kichwa kwa futi ya cherehani, humvalisha kofia yenye waya sitini na nne, kisha hutia jeli chini ya kila waya kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kazi hiyo huchukua dakika hamsini. Humo humo hutania. Mwenye rasta humwambia, "Mwanangu, wewe na sayansi mna ugomvi wa zamani." Mzee mwenye upara humwambia, "Wewe ndiye mgeni wa heshima leo, shemeji, hapa hakuna msitu wa kufyeka." Kisha huwaonya wote maneno yale yale: msipepese kope, msiume meno, msimeze mate ovyo. Kope moja ikipepesa huonekana kwenye skrini kama kilima chembamba chenye ncha, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni wazo.

Yeye anajua. Kwa miaka ishirini na miwili ameangalia vilima hivyo, na hajawahi kuchanganya kope na wazo.

Mume wake alikuwa fundi wa vyerehani. Alikuwa na kibanda chenye rafu za vipuri na mazoea ya kuongea na mashine akizitengeneza, akizilaumu kama watoto watundu. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kilimwangusha. Kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Macho yalibaki.

Kwa miezi minne mke alimhudumia nyumbani na kumsemesha. Akimwogesha alimsimulia vichwa vya siku hiyo: nani alikuja na mba, nani alisinzia hadi akakoroma, mhadhiri gani alipigiwa kengele akakasirika. Jioni akifungua mlango alisema neno lile lile alilolisema kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, "Nimerudi." Mume alimfuata kwa macho. Hilo lilimtosha, mpaka alipotaka uhakika.

Wakati huo daktari mmoja wa idara, siyo wa hospitali bali wa shahada, alikuwa katikati ya utafiti juu ya watu waliopoteza usemi. Swali lake lilikuwa rahisi: mtu asiyeweza kusema wala kuonyesha kidole, je, ubongo wake bado unamjua mtu wake? Mgonjwa angevalishwa kofia na kusikilizishwa sentensi fupi fupi kwa sauti mbili. Kwanza sauti ya ndugu yake wa karibu, halafu sauti ya mtu baki. Kwa kawaida ubongo huruka zaidi kwa sauti ya mtu wake, na mstari kwenye grafu hupanda. Usiporuka, basi haumjui tena.

Mama Kengele aliomba mume wake aingizwe. Alikuwa mshiriki wa thelathini na moja.

Kulikuwa na sheria: mfanyakazi wa maabara haruhusiwi kumpima ndugu yake, wala kurekodiwa sauti kwa ajili yake, wala kufungua jalada lake. Sheria hiyo aliipiga chapa yeye mwenyewe, kwenye fomu ya idara, miaka mingi nyuma. Kwa hiyo siku ya kipimo alikaa nje kwenye benchi. Aliyevaa glavu alikuwa binti wa shahada ya uzamili. Aliyerekodiwa kama ndugu alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwalimu mstaafu mwenye sauti iliyozoea madarasa ya watoto sitini.

Majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. Lakini daktari alimwona Mama Kengele kama mtu wa nyumbani. Baada ya wiki tatu aliwaita ofisini kwake, yeye na wifi yake, akafunga mlango.

"Kwa kweli sitakiwi kuwaambia," alisema. "Ila wewe, mama, umenilea hapa. Mistari yake imevurugika. Ubongo wake haupangi tena watu. Wa kwake na mtu baki, kwake ni kelele tu."

"Na macho?" Mama Kengele aliuliza. "Mbona ananifuata kwa macho?"

"Macho hufuata chochote kinachotembea, mama. Hata pazia."

Wifi alitoka mle akisonya. "Mtoto wa juzi," alisema kwenye ngazi. "Ataniambia mimi kaka yangu hanijui?"

Lakini Mama Kengele alikuwa mtu wa sayansi, au alijiona hivyo. Mwezi uliofuata alikubali mume apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, kwa kuwa hata hivyo kwa mgonjwa ilikuwa mamoja nani anamwogesha. Alimtembelea kila Jumamosi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafuma vitambaa. Muuguzi mmoja alimwambia, "Mama, mzungumzishe kidogo, wanapenda." Akamjibu, "Huyu hasikii mtu, mwanangu. Anasikia kelele." Wifi alikwenda kila Jumapili na kumhubiria kaka yake kuanzia saa nane hadi saa kumi: bei, misiba, nani kaoa, paa limevuja. Jumapili moja Mama Kengele naye alikwenda, akamsikia akiwa mlangoni, akaona haya kwa niaba yake, kama unavyomwonea haya mtu anayeongea na redio.

Miezi saba ilipita hivyo. Kisha mume akafa, siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana.

Msibani hawakugombana. Wifi alisema sentensi moja tu, wakati wanakunja mikeka: "Kama daktari wako alisema kweli, angalau ameondoka hajui kwamba mkewe alinyamaza." Tangu siku hiyo hawakutembeleana.

Kilichobaki kwa Mama Kengele kilikuwa swali ambalo mtu wa sayansi hakupaswa kuwa nalo, kwa kuwa lilishajibiwa. Je, alinijua? Alilirudia akiosha kofia, akitoa jeli iliyoganda kwenye vitundu kwa mswaki wa meno. Jalada hakulifungua. Sheria ni sheria.

Basi ratiba ya semina ilipobandikwa mlangoni, na Jumatano ya tatu ya mwezi ikawa na jina la daktari yule na utafiti ule, alijua kwamba grafu ya thelathini na moja inaweza kuonyeshwa ukutani mbele ya watu wote, na hakuna sheria inayomkataza fundi kutazama ukuta.

Siku hiyo alifika mapema. Alipanga viti arobaini na viwili. Daktari alikuwa ameomba spika mbili, kwa kuwa safari hii alitaka watu wasikie zile sauti. Mama Kengele alizifunga mwenyewe, akazijaribu kwa muziki, akapunguza besi.

Chumba kilijaa. Mkuu wa idara alikaa kwenye kiti chake cha mbele, na binti wa uzamili nyuma yake. Daktari alianza vizuri. Anajua kuongea, na ana ile tabia ya kusogea mbali na kompyuta kana kwamba maneno yanatoka kwake si kwenye slaidi. Alionyesha wastani wa washiriki wote. Mstari mwekundu, wa ndugu, ulipanda juu. Mstari wa buluu, wa mtu baki, ulibaki chini kama nyasi.

"Sasa sikilizeni wenyewe," alisema. "Hii ni sauti ya ndugu wa mshiriki mmoja."

Spika zikatoa sauti ya msichana: Dirisha liko wazi. Maji yamechemka. Nimerudi.

"Na hii ni ya mtu baki. Hii ni moja tu, tuliitumia kwa washiriki wote arobaini, ili kusiwe na tofauti."

Dirisha liko wazi. Maji yamechemka. Nimerudi.

Kila mtu huikana sauti yake akiisikia kwenye spika, na yeye aliikana kwa sekunde mbili. Ya tatu ikamshinda. Ilikuwa yake. Akakumbuka kila kitu: miaka tisa nyuma, daktari akiwa bado mwanafunzi mwembamba mwenye shati moja la semina, alimwomba aingie kwenye kile kijichumba cha kurekodia asome sentensi thelathini. "Nisomee tu, mama. Sauti yako haina mapambo." Alisoma, akatoka, akaenda kuosha kofia. Hakuulizwa tena wala hakuuliza. Wagonjwa walisikia kwa visikizi vya masikioni. Fundi, upande wake wa kioo, haoni ila taa nyekundu ikiwaka na kuzima. Kwa hiyo alikuwa amewavalisha watu kofia miaka miwili mizima na kuwaacha wasikilize sauti yake, bila kujua.

Akili yake ilifika kwenye thelathini na moja kabla ya daktari kubadilisha slaidi. Slaidi ikabadilika.

"Huyu sasa," daktari alisema, "ni kituko changu. Thelathini na moja. Tazameni. Wa damu yake yuko chini, mtu baki ndiye yuko juu. Tena juu sana, kuliko mtu yeyote katika utafiti huu. Nadhani yeye na dada yake walikuwa na kesi ya shamba."

Chumba kikacheka. Mkuu wa idara alicheka hadi akavua miwani.

Mstari wa buluu ulikuwa umepanda kama ukuta. Haukuwa na ncha, haukuwa na mtetemo wa taya. Ulikuwa na mgongo mpana, laini, safi, kitu ambacho fundi hukisubiri wiki nzima kukipata kwa kijana mwenye afya. Mama Kengele alikitazama, na mkono wake ulikuwa juu ya kengele, na dakika ya thelathini na tano ikapita.

Ikapita ya arobaini pia. Daktari aliendelea, akaanza kutazama pembeni kwa mashaka, kama mtu aliyezoea kushikwa shati. Dakika ya arobaini na sita mkuu wa idara aligeuka.

"Mama Kengele! Vipi, umelala?"

"Nina swali," alisema.

Fundi hakuwa amewahi kuuliza swali katika chumba kile. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa furaha, akidhani ni utani unakuja.

"Karibu, mama," daktari alisema.

"Hiyo sauti ya mtu baki ni ya nani?"

"Ya mtu yeyote tu, mama. Ndiyo maana ya mtu baki." Kicheko kidogo.

"Ni yangu. Ulinirekodi wewe. Na huyo wa thelathini na moja ni mume wangu."

Daktari alitazama ukuta, akatazama karatasi zake, akatazama ukuta tena. Hakuwa mtu mbaya; kwake namba ilikuwa imebaki namba tu, na jina nyuma yake alikuwa amelisahau. Uso wake ulionyesha hesabu ikipigwa, na jibu likitoka, na aibu ikifuata. Kisha mwanasayansi akamrudia.

"Basi huyo tutamtoa," alisema polepole. "Asante, mama. Kwa kweli umetusaidia. Tulishangaa sana kwa nini anaharibu wastani."

Mama Kengele alipotoka, binti wa uzamili alimfuata kwenye ngazi. Alikuwa analia, na Mama Kengele hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu.

"Mama, mimi ndiye nilimpima. Machozi yalimtoka, kipande cha pili. Niliandika kwenye fomu kwamba jeli imemwingia machoni. Nikampangusa, tukaendelea."

"Kipande cha pili ndicho cha nani?"

Binti alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alijua, na Mama Kengele alijua: cha mtu baki.

"Jeli huwa inaingia machoni," Mama Kengele alisema. "Na mimi ningeandika hivyo hivyo."

Jumatatu daktari alishuka maabara na fomu ya kumwondoa mshiriki. Fomu hiyo ina visanduku vinne: mshiriki amejitoa, mshiriki amefariki kabla ya kipimo, ridhaa haikukamilika, hitilafu ya kifundi. Chini kuna mahali pa fundi kutia sahihi.

"Weka hapa, mama, kwenye hitilafu ya kifundi."

"Hakukuwa na hitilafu. Waya zote zilishika."

"Najua. Ni namna ya kusema tu."

"Andika basi kwamba mtu baki alikuwa mke wake."

"Hakuna kisanduku cha hivyo." Alikaa kwenye kile kiti cha washiriki, akajipangusa paji la uso. "Mama, nisamehe. Nilikosea kukuita siku ile ofisini. Lakini kwenye ripoti siwezi kuandika ndoa ya mtu. Nikimwacha, wastani unaharibika. Nikimtoa, unakaa sawa. Unaelewa?"

Alielewa. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi jambo hilo hilo miaka yote. Akatia sahihi.

"Nina ombi moja. Nichapie ile grafu kabla hujaifuta."

Daktari alimchapia, ya rangi, kwenye karatasi nzito, akaitia ndani ya bahasha ya chuo. Katika ripoti iliyotoka washiriki ni thelathini na tisa. Mstari mwekundu umepanda kuliko zamani, wa buluu umelala zaidi.

Jumapili ya wiki ile ya fomu, saa tisa mchana, Mama Kengele alibisha kwa wifi yake. Hawakuwa wameonana mwaka mzima na zaidi. Wifi alifungua mlango akiwa na miwani ya kusomea kwenye paji la uso, akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mke wa kaka. Umepotea njia?"

"Nimekuja, wifi. Nina kitu cha kukuonyesha."

Alimweleza yote mezani: sauti, miaka tisa, sentensi thelathini, fomu. Alieleza vizuri, kama anavyowaelezea wageni wa maabara, kidole kikifuata mstari wa buluu. "Huu ndio mimi," alisema. "Unaona? Alinijua, wifi. Kuliko mtu yeyote kwenye utafiti wote." Akamsogezea karatasi. Alikuwa amelisubiri jibu la mtu mmoja tu duniani ambaye naye alimpenda marehemu.

Wifi alishusha miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, ule uliolala.

"Na huu?"

Mama Kengele hakuwa amefikiria huu. Njia nzima, karatasi ikiwa mapajani, hakuwa ameutazama hata mara moja.

"Huu ni mimi," wifi alisema. "Si ndiyo? Mimi niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Ndiyo umekuja kunionyesha? Kwamba wewe alikujua, mimi nilikuwa kelele?"

"Hapana, wifi."

"Basi nionyeshe."

Kwenye mstari mwekundu, karibu na mwanzo, palikuwa na kilima kimoja kidogo, chembamba, chenye ncha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejifunza kwa siku mbili kukitambua kuwa ni kope tu. Mama Kengele aliweka ukucha wake pale.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo alipokutambua. Ni kadogo kwa sababu uliongea kwanza, alikuwa hajatulia. Lakini kapo. Ubongo hauwezi kudanganya."

Wifi akainama hadi pua ikakaribia karatasi. Alikaa hivyo. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelainika, na akaipapasa ile ncha kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayegusa utosi wa mtoto mchanga.

"Nilijua," alisema. "Nilikwambia kwenye ngazi zile. Kaka yangu alikuwa anatujua sote. Na mimi sikuacha kumsemesha hata Jumapili moja, miezi saba yote. Hata kama alikuwa ananichoka." Akacheka kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akamwangalia mke wa kaka yake, bila hasira, kama mwalimu anayetaka kujua tu.

"Wewe, Jumamosi zako zile, ulikuwa unamwambia nini?"

Mama Kengele alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Aliomba maji, na wifi alipokwenda jikoni akayaleta, alikuta kiti kitupu na karatasi imebaki mezani.